Gari Halikaguliwi na Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoingia kwenye maegesho ya Kibamba nikalikuta lori langu limeinuliwa juu ya magogo, matairi ya nyuma yamefunguliwa na kulazwa mchangani kama sahani zinazosubiri kuoshwa. Mchana wa siku hiyohiyo nilitakiwa kwenda kupakia mzigo ambao ungeamua maisha ya nyumba yangu. Aliyeyafungua hakuwa mwizi. Alikuwa Mzee Kasiani, mwenye kiwanja kile, mtu niliyemwamkia shikamoo kila nilipopita mbele yake. Alikuwa amekalia tairi langu mojawapo, anakunywa chai ya rangi, na aliponiona hakusimama wala hakuficha spana.

Hilo ndilo lililotokea. Sasa nirudi nyuma nikueleze tulivyofika hapo, maana kisa kinachoanzwa katikati humpendelea anayekisimulia, na mie sitaki unipendelee.

Nilizaliwa Njombe, nikaja Dar es Salaam kutafuta maisha, nikaanzia Temeke kama dereva wa magari ya watu. Kazi yangu ilikuwa kupeleka mizigo mpakani Tunduma na kurudi. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa akiuza mchele na maharage katika soko la Tandale. Tulitunza kidogo kidogo, yeye kwa vibaba, mie kwa posho za safari, mpaka tukapata kununua lori letu wenyewe: kichwa cha zamani pamoja na tela lake, vyote vimeshapitia mikono ya watu wengi. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kibaba kikishajaa mtu hupata kiburi nacho.

Dereva anayemiliki gari lake ni mtu wa namna ya peke yake. Yeye ndiye tajiri na yeye ndiye mfanyakazi. Akichoka hana wa kumlalamikia, na gari likiharibika hana wa kumpigia simu na kumwambia lete spea. Nalo gari la zamani lina tabia ya mzee wa ukoo: halisemi uongo, lakini kweli yake haliitoi yote kwa siku moja. Leo litakuonyesha mpira wa maji uliochoka, kesho springi ya tela, keshokutwa kitu ambacho hukuwahi kujua kama kipo.

Kweli ya kwanza liliyonionyesha ilikuwa injini. Ilikuwa imechoka. Kwenye mlima wa Kitonga, kabla hujafika Iringa, lori lilipanda polepole hata wauza vitunguu wakawa wanatembea kando ya mlango wangu, tunapatana bei, wananipa mfuko, wananirudishia chenji, na bado hatujaachana. Wenzangu walicheka. Mie nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naumia, kwa sababu gari linalopanda namna hiyo halipewi mzigo mzito, na mzigo mwepesi haumlishi mwenye gari la zamani.

Nikatafuta injini nyingine. Niliipata kwa muuza spea, imetoka kwenye gari lililopata ajali ubavuni, injini yenyewe haijaguswa, tena ina nguvu kuliko ile yangu. Fundi mmoja wa Temeke akaifunga. Alikuwa fundi mzuri, sitamsingizia. Tatizo lilijitokeza mwishoni. Bomba la moshi la injini mpya lilikuwa nene kuliko la zamani, na breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili injini yenyewe ilishike gari kwenye mteremko, haikuingia. Ilihitaji kipande cha kuunganishia kilichochongwa kwa kipimo chake. Fundi akaniambia kipande hicho kitachukua muda, niende safari ya kwanza, nikirudi tutaifunga. Akakizungushia kile chuma kitambaa, akakiweka nyuma ya kiti changu. Nikakubali. Nilikubali haraka, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kwa mchoraji, aliyekuwa akisubiri kupaka rangi ya bluu na kuandika mbele, kwa herufi za njano, Kazi na Dua.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi. Kuijua methali na kuikumbuka mbele ya rangi mbichi ni mambo mawili.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Bwana Abbas, mzaliwa wa hapahapa mjini katika ukoo wa Kihindi uliofanya biashara tangu babu yake, mtu ambaye Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko changu cha nyanda za juu. Alikuwa anapeleka nondo Tunduma. Aliposikia nimebadilisha injini aliniita, akanikaribisha chai, akaniuliza habari za nyumbani kwa utaratibu wote, kisha akasema neno lake: "Mzigo wa kwanza ukifika siku tuliyopatana, wewe ndiye gari langu la Tunduma. Usipofika, tutabaki kuamkiana."

Kwa mwenye gari moja, mwanangu, neno kama hilo ni sawa na shamba lenye kisima. Hutaamka tena asubuhi ukaenda kusimama kwa madalali ukiomba mzigo. Nilimpelekea habari Mama Neema sokoni, akafunga gunia alilokuwa anapima, akakaa juu yake, akacheka kwa furaha.

Sasa nikueleze maegesho ya Kibamba na desturi yake, maana bila desturi ile hutaelewa kwa nini mzee wa watu alithubutu kufungua matairi ya mtu.

Kiwanja kilikuwa kando ya Barabara ya Morogoro, mchanga mtupu, na banda la mabati ambamo mama mmoja alipika chai na maandazi. Mzee Kasiani, mtu wa Mbinga, aliwahi kuendesha malori miaka mingi, na alipostaafu alikigeuza kiwanja chake kuwa mahali pa kulaza magari. Tuliokuwa tunalaza pale wengi tulikuwa wenye gari mojamoja. Ushuru wake ulikuwa mdogo, lakini sharti lake lilikuwa moja na halikujadiliwa: gari halikaguliwi na mwenyewe. Kabla gari halijatoka kwa safari ndefu, mzee humchagua dereva mwingine, humpa kipande cha boksi, na huyo hukitandika chini ya gari na kulala chali akikagua kila kitu kwa mkono na kwa macho. Mwenye gari hukaa bandani anywe chai. Haruhusiwi kusogea. Haruhusiwi hata kueleza, na hilo ndilo lililotukera zaidi, kwa sababu kila mwenye gari la zamani ana maelezo. Hiki nilikibadilisha juzi. Kile huwa kinalia hivyo siku zote. Pale pasikutie hofu.

Niliwahi kumuuliza mzee kwa nini hataki maelezo. Akanijibu kwamba mwenyewe akiinama chini ya gari huona fedha aliyoitoa, lakini jirani huona chuma.

Jioni moja basi nikaingia kwa mbwembwe na injini yangu mpya, rangi inang'aa. Watu wakatoka bandani kuisikiliza. Shomari, dereva wa Tanga mwenye ulimi mwepesi, ambaye alikuwa rafiki yangu kuliko wote pale, alizunguka kichwa cha gari mara kadhaa, akatikisa kichwa kwa huzuni ya uongo. "Baba Neema," akasema, "umewaua wale wauza vitunguu wa Kitonga. Sasa watakuwa wanamwuzia nani?"

Watu wakacheka. Mzee Kasiani hakusogea kwenye injini. Alikwenda nyuma, akachuchumaa kwenye gurudumu, akaingiza mkono kupitia matundu ya rimu, akakaa hivyo kwa muda kama mtu anayetafuta kitu kilichodondokea chini ya kabati. Kisha akauliza nani amelikagua. Nikamwambia fundi wa Temeke. Akasema huyo nimemlipa, anauliza nani mwingine. Nikamwambia, kwa adabu kadiri nilivyoweza, kwamba kesho napakia na muda hautoshi, safari ijayo nitafuata utaratibu. Hakunijibu. Alinawa mikono, akaenda zake. Nami nikaenda nyumbani nikidhani ukimya wake ni ruhusa. Wengi tumekosea hapo na wazee. Mzee akikugombeza bado mnazungumza, lakini akinyamaza ameshaamua.

Ndiyo asubuhi ile niliyokusimulia mwanzoni.

Nilimwuliza nani amempa ruhusa. Sauti yangu ilikuwa juu, mama wa maandazi akatoka kuangalia. Mzee akaweka kikombe chini.

"Hakuna aliyenipa," akasema. "Na wewe sijakuzuia. Spana hizo hapo, matairi hayo hapo. Ila kabla hujayafunga, pitisha mkono."

Shomari alikuwa pembeni, mikono yake ina grisi mpaka kwenye viwiko, hanitazami usoni. Ndipo nikajua ni yeye aliyemsaidia kupandisha jeki. Nilitaka kumsema, lakini mzee alikuwa amekwisha kulisogeza mbele yangu dramu la breki, lile duara zito la chuma ambalo viatu vya breki hulibana kwa ndani ili gurudumu lisimame. Nikapitisha mkono.

Mwanangu, kila dereva anazijua nyufa ndogo za joto ndani ya dramu. Zinakuwa nyembamba kama nywele, na gari hufanya kazi nazo miaka. Kidole changu kilizipita hizo bila wasiwasi. Kisha kikafika kwenye ufa mwingine. Huo ulianzia kwenye ukingo wa nje ukaingia ndani, ukaenda moja kwa moja kuelekea kwenye matundu ya bolti. Na ukingo wenyewe ulikuwa mwembamba. Dramu lile lilikuwa limechongwa na kuchongwa tena na wenye gari walionitangulia, kila mmoja akiahirisha kununua jipya, mpaka chuma kikabaki kama sufuria iliyosuguliwa mno.

Mzee alipanda ndani ya gari, akatoka na kile kifurushi cha kitambaa, akakifungua juu ya boksi mbele ya watu wote. Breki ya ekzosi ikalala pale, safi, imepakwa mafuta.

"Kitonga unapanda na mzigo," akasema. "Mbalizi unashuka nao. Gari umelipa nguvu za kupanda, mwanangu. Za kushuka umeziweka nyuma ya kiti."

Barabara ya Tunduma ndivyo ilivyo: ukishaiacha Mbeya kuna mteremko mrefu wa kwenda Mbalizi, na dereva mwenye mzigo mzito huanza kuufikiria tangu Makambako. Nami nilikuwa nimekubali mzigo mzito kuliko wowote ambao lori lile liliwahi kubeba chini yangu, kwa sababu ya injini. Mpanda ngazi hushuka. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo mara nyingi ikisemwa kwa watu wenye vyeo, sikuwahi kuifikiria kwa upande wa breki.

Nisikudanganye kwamba niliona mwanga papo hapo. Nilisimama pale na spana mkononi. Shomari, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba nikiamua kuyafunga yeye atanisaidia, na kabla jua halijawa kali tutakuwa tumemaliza. Alisema bila kejeli, kama ndugu anayekuachia jambo lako. Nilimfikiria Mama Neema amekaa juu ya gunia lake. Nilifikiri pia kwamba gari lile lilikwenda Tunduma na kurudi mara ngapi sijui na ufa huo huo, na halikuniangusha. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na mpaka leo sijaona pa kuibomoa.

Nikaweka spana chini, nikampigia Bwana Abbas. Nilimweleza yote na kumwomba anivumilie siku chache. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema meli iliyoleta nondo haijui breki zangu, wala mteja wake wa Tunduma hazijui, akanipa pole kwa moyo, akampa mzigo mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa dereva wa Temeke, mwenye gari lake kama mie. Kesho yake alfajiri nilisimama kandokando ya barabara pale Kibamba nikamwona akipita. Nondo zilikuwa zimefungwa kwa haraka, tela limeinama upande mmoja, na matairi yake ya nyuma yalikuwa yamelika yakawa laini kama kipara. Nililitazama gari lile kama trafiki anayetafuta kosa, nikayaona mengi. Sikumtakia mabaya. Lakini nikisema nilimtakia mema nitakuwa nimeongeza chumvi.

Alifika. Alifika siku waliyopatana, akarudi salama, akapewa mzigo wa pili na wa tatu. Kazi ile ya Tunduma aliifanya miaka mingi. Amejenga, amesomesha, amestaafu, na hajawahi kupata ajali hata moja. Nakwambia haya kwa sababu wazee wengi wakisimulia kisa kama hiki humuua yule mwingine bondeni ili nasaha ipate nguvu. Mie siwezi. Tunasalimiana mpaka leo, tena ni mtu mwema.

Mama Neema alipopata habari hakupiga kelele. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda daladala kwenda Kibamba. Nilimfuata nyuma nikiwa na hofu, maana namjua. Alimwamkia Mzee Kasiani kwa heshima zote, akakataa kiti, akasema: "Mie sijaja kugombana, baba. Nimekuja unionyeshe hicho kilichonila."

Mzee akamwonyesha. Mama Neema akachuchumaa mbele ya dramu, akalitazama kama anavyotazama mchele wa mtu anayemwambia hauna mawe. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ule ufa, taratibu, kutoka ndani mpaka kwenye ukingo. Kisha akasimama, akamshukuru mzee, tukaondoka. Tulipofika mlangoni kwetu ndipo aliponiambia, bila kunitazama: "Kazi imekwenda. Nimekasirika na nitakasirika. Lakini ukucha wangu umeingia."

Alikasirika kweli, msimu mzima. Na katika msimu huo ndipo nilipolitengeneza lile gari upya, kwa mpangilio ambao laiti ningeuanza mwanzo. Nilikuwa nabeba saruji na kokoto za karibu, Chalinze, Morogoro, safari ambazo hazina milima ya kutisha, na kila nilichopata kikienda mahali pamoja. Madramu mapya ya nyuma, kisha ya tela. Mabomba ya upepo wa breki, ambayo tulipoyafungua tuliyakuta yamepauka kama mpira wa kandambili. Kipande cha breki ya ekzosi kikachongwa, ikafungwa. Baadaye yakaja mambo ya usukani, kisha springi. Mchoraji hakuniona tena. Rangi ya bluu ikaanza kubanduka na maandishi ya njano yakabaki Kazi na D, na Shomari akaapa kwamba D hiyo ni ya Deni.

Ilipofika zamu yangu kupata mzigo wa Tunduma, wa mtu mwingine na mdogo kuliko nondo za Bwana Abbas, Mzee Kasiani alimpa Shomari boksi. Mie nikakaa bandani na chai yangu, nikanyamaza. Shomari alilala chini ya gari muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Alipotoka alikuwa na neno moja tu kuhusu klipu ya bomba, ikabadilishwa, nikaondoka.

Pale Mbalizi niliingia mteremkoni kwa gia ndogo, nikabana ekzosi, injini ikaguna na kulishika gari, nikagusa breki kidogo na kuachia, nikagusa na kuachia. Nilikuwa nimejiandaa kwa tukio kubwa. Hakuna kilichotokea. Nilifika chini, nikasimama, nikashuka kugusa rimu, zilikuwa na joto la kawaida. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nanunua parachichi. Hilo ndilo tunda la kazi yote ile, mwanangu: kwamba hakuna kilichotokea. Gari lililotunzwa vizuri halina hadithi ya kusimulia, na ndiyo sababu vijana hawavutwi nalo.

Miaka ilipita. Watu wa pale walikuwa wakiamini kwamba Mzee Kasiani aliwahi kupoteza mtu kwenye mteremko, ndugu au mwenza wa safari, na kwamba desturi yake ilitokana na msiba huo. Kila mmoja alikuwa na toleo lake. Mie sipendi habari isiyo na mwenyewe, kwa hiyo siku moja nikamwuliza waziwazi. Akashangaa. Akasema hajawahi kupoteza mtu, wala kuanguka, wala kufeli breki, tangu siku ya kwanza mpaka anastaafu. Nikamwuliza basi aliijuaje hatari. Akaniambia: "Kwani lazima niungue ndipo nijue moto?" Akarudi kwenye chai yake.

Sasa mzee hayupo, alizikwa kwao Mbinga. Barabara imepanuliwa, kile kiwanja kimemezwa na lami, na malori yanapita juu ya mahali palipokuwa na banda la maandazi. Mie macho yamepungua, gari nimeliuza kwa kijana aliyeniahidi kulitunza. Lakini nawaona nyie mnaonunua magari ya zamani. Nawaona gereji mkifunga taa za rangi kuzunguka bampa, honi za kushtua mji, spika, na injini kubwa kuliko ile liliyozaliwa nayo gari. Siwacheki. Nilikuwa hukohuko, na rangi yangu ilikuwa bluu.

Nasaha yangu ni hii. Ukilitengeneza gari la zamani, anza na kinachosimamisha. Halafu kinachogeuza, halafu kinachobeba. Kinachovuta kingoje, na kinachopendeza macho kije mwisho, kama pilipili inavyoletwa wakati chakula kimeshaiva. Ukiongeza nguvu upande mmoja, jiulize upande wa pili utazitoa wapi. Kitu ulichokifungua usikiweke nyuma ya kiti. Kama hakijafungwa, safari haijaanza. Na kabla hujatoka, mpe mtu mwingine boksi alale chini ya gari lako, mtu usiyemlipa, nawe kaa mbali unywe chai na ufunge mdomo. Akikuambia usilopenda kusikia, pitisha mkono kwanza ndipo ujibu. Si gari tu. Nyumba yako, ndoa yako, kazi ya mikono yako, vyote vina upande wa chini ambao mwenyewe hauoni kwa sababu anakumbuka alivyohangaika kuvipata.

Wala usingoje ajali ikuthibitishie kwamba uliyemsikia alikuwa sahihi. Huenda uthibitisho huo usiupate kamwe. Aliyekuonya vizuri hubaki bila ushahidi, na wewe uliyemsikia hubaki na hasara unayoweza kuihesabu mkononi. Ukubali kubaki hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukiuziba hutaujua kamwe ukuta uliookoka, na hakuna atakayekupongeza.

Mungu akujalie macho ya jirani juu ya mali yako mwenyewe. Akupe mlima utakaoupanda bila majivuno na mteremko utakaoushuka bila hofu. Uende, ufike, urudi, na mlango wako ufunguliwe na mtu anayekufurahia.

Lile dramu bado ninalo. Limekaa karibu na geti langu, Mama Neema amelijaza udongo na kupanda mchaichai. Kila fundi anayekuja nyumbani namwomba alipitishie mkono, kisha namwuliza kama lingefika Tunduma na nondo zile. Mmoja aliniambia lingekwenda na kurudi, tena mara nyingi. Mwingine aliniambia lisingefika chini ya Mbalizi. Wa tatu alikaa, akalitazama kwa muda mrefu, akaomba maji ya kunywa, akasema hajui. Ufa uko palepale ulipokuwa. Haujaongezeka hata kidogo, kwa sababu tangu asubuhi ile dramu halijafanya kazi tena.